Sumaku ya pete ya neodimiamu: nguvu inatoka wapi, na lile tundu la katikati linafanya nini

Chukua sumaku ya pete ya neodimiamu ya saizi ya kawaida tu, kipenyo cha nje milimita 20, tundu milimita 10, kimo milimita 5. Ukiiweka kiganjani ni gramu 9 hivi, inang'aa, haikutishi hata kidogo. Afu unaiweka kwenye bamba nene la chuma, unataka kuitoa, inagoma, kucha zinateleza, unavuta na vidole viwili bado inagoma. Hapo ndo mtu anaanza kuuliza hiki kidude kina nini ndani, na majibu anayopewa mara nyingi ni namba tu, N35, N52, kilo kadhaa, gausi kadhaa, mtu anachukua namba kubwa kuliko zote anaagiza, mzigo ukifika anaona ameibiwa. Saa ingine kweli ameibiwa. Ila mara nyingi hajaibiwa, ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa nguvu ya sumaku haikai ndani ya sumaku peke yake, inategemea pia umbo lake, chuma inachokutana nacho, pengo lililopo katikati na joto la mahali ilipo.

Tuanze na jina maana jina lenyewe linapoteza watu. Neodimiamu ikiwa safi, kwenye joto la kawaida la chumbani, haishiki hata pini. Ndani ya hii sumaku theluthi mbili hivi ya uzito ni chuma cha kawaida, neodimiamu ni kama asilimia 30, na boroni asilimia 1 tu. Fomula yake ni Nd2Fe14B, yaani kwa kila atomu 2 za neodimiamu kuna 14 za chuma na 1 ya boroni. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba: wavutaji ni chuma, usumaku mwingi unatoka kwake. Shida ya chuma kikiwa peke yake ni kwamba wavutaji wake hawana msimamo, ukiwagusa kidogo kila mmoja anageukia kwake. Neodimiamu ndo inawashika wote waangalie upande mmoja na wasigeuke hata ukiwasukuma, na boroni inashikilia ule mpangilio wa atomu usivunjike. Kwa hiyo tunaposema sumaku kali tunasema vitu viwili kwa pamoja, usumaku mwingi (huo wa chuma) na ukaidi wa kutogeuka (huo wa neodimiamu). Chuma laini kina cha kwanza hakina cha pili, sumaku za feraiti zile nyeusi zina ukaidi wa kutosha ila usumaku wenyewe ni mdogo, kama tesla 0.4 (tesla ni kizio cha usumaku, moja ni gausi 10,000), wakati neodimiamu inaanzia kama 1.1 na kufika 1.45 hivi.

Na haikupatikana kwa bahati. Miaka ya 1970 sumaku kali kuliko zote ilikuwa ya samariamu na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka Zaire, Kongo ya leo. Mwaka 1978 vita vikazuka kwenye mkoa wa Shaba kulekule Zaire, bei ya kobalti ikapaa, na watu wa maabara wakabaki na swali moja, tunawezaje kutengeneza sumaku kali kwa chuma, kitu ambacho kipo kila mahali? Jibu likatoka sehemu mbili bila wenyewe kuambiana: Masato Sagawa wa Japani, kwenye kampuni ya Sumitomo Special Metals, na John Croat wa General Motors kule Marekani. Wote wakatangaza mwaka 1983. Kilichowatofautisha ni njia. Sagawa alisaga aloi (ule mchanganyiko wa metali) ikawa unga, akaukandamiza na kuuchoma. Croat alimwaga aloi iliyoyeyuka juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, ikaganda ghafla ikawa utepe mwembamba. Njia zote mbili zipo mpaka leo, na kwenye pete tofauti yake inaonekana wazi kuliko kwenye maumbo mengine, nitaifikia.

Kwanza njia ya unga, kwa sababu sumaku nyingi kali unazoziona zimepita huko. Metali zinayeyushwa pamoja bila hewa, zinagandishwa vipande vyembamba, afu vipande vinapewa gesi ya haidrojeni. Haidrojeni inajipenyeza ndani, vinavimba na kupasuka vyenyewe. Baada ya hapo vinasagwa mpaka punje zinafika mikroni 3 mpaka 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unga mlaini sana na wa hatari, ukikutana na hewa unaweza kushika moto wenyewe. Unga unawekwa kwenye kalibu yenye umbo la pete na hapa ndo kuna hatua ambayo kwangu ndo roho ya kazi yote: kabla ya kukandamizwa unapitishiwa nguvu kubwa ya sumaku kutoka nje, kila punje inageuka kuelekea upande mmoja, na wakati zimelala hivyo ndo zinabanwa. Zikishabanwa hazigeuki tena. Inafuata tanuri la zaidi ya nyuzi 1000, punje zinashikana, pete inasinyaa, inasawazishwa kwa mawe ya almasi maana ni ngumu na inavunjika kama kigae, inapakwa ganda. Mpaka hapo bado haivuti kitu! Mwisho kabisa inawekwa ndani ya koili, kapasita kubwa (vifaa vya kutunza umeme) zinamwaga umeme wote kwa mpigo mmoja, na sumaku inazaliwa.

Kwa nini nimeng'ang'ania ile hatua ya kulaza punje? Kwa sababu watu huwa wanauliza kama wanaweza kuichukua pete yao na kuisumakisha upya kwa upande mwingine. Hapana, upande uliamuliwa siku unga uliposhindiliwa. Na pete ina pande nyingi za kuchagua. Ya kawaida imesumakishwa kwa kufuata mhimili, uso wa juu ni ncha ya kaskazini na wa chini kusini, basi. Nyingine imesumakishwa kukatiza kipenyo, nusu ya kushoto ni kaskazini na nusu ya kulia ni kusini. Kwa macho zinafanana kabisa! Ukiwa nazo mbili, zibandike uso kwa uso afu zungusha ya juu taratibu bila kuiinua. Kama ni za mhimili zitazunguka bila kinyongo, hakuna kinachobadilika. Kama ni za kipenyo utahisi inakataa, ukifika nusu ya mzunguko inakusukuma, ukiiachia inarudi ilipotoka kama ina springi.

Kuna ya tatu, ambayo ndani ya tundu kote ni ncha moja na nje kote ni ncha nyingine, miale inatoka katikati kama miale ya jua. Hiyo kwa njia ya unga ni shida sana, punje zinasinyaa tofauti kulingana na upande zilikolala, na kwenye pete kusinyaa kusiko sawa ni kupasuka. Ndo maana mara nyingi watu wanachukua vipande vya upinde na kuvigundisha kwenye duara. Na hapa ndo utepe wa Croat unapopata kazi. Ule utepe ukisagwa na kuchanganywa na epoksi au nailoni unatoa pete nyembamba sana, hazivunjiki ovyo, na unaweza kuzisumakisha kwa ncha nyingi kuzunguka duara, kaskazini kusini kaskazini kusini. Nguvu yake ni ndogo, kama robo hivi ya ile ya unga uliochomwa, ila mota ndogo za kuzungusha diski za kompyuta zimejaa hizi pete, kwa sababu mota haihitaji sumaku kali kuliko zote duniani, inahitaji ncha zilizopangwa sawasawa.

Sasa tundu. Watu wengi wanadhani pete ni sumaku ya mviringo ambayo imetobolewa, imepoteza nyama kidogo, mengine yako vilevile. Nyama kweli imepotea, kwa ile pete yetu ya 20 kwa 10 ni robo nzima. Ila kuna kingine. Ndani ya tundu mwelekeo wa nguvu umegeuka! Kama pete inasukuma kaskazini kwenda juu, kwenye tundu lake nguvu inaelekea chini, maana mistari inayotoka uso wa juu inatafuta njia ya kurudi uso wa chini, na mingine inapita njia ya mkato, katikati hapohapo. Ukiwa mbali na pete, juu yake, nguvu inaelekea juu kama kawaida. Kwa hiyo lazima kuna mahali kati ya mbali na tundu ambapo nguvu kwenye mstari wa katikati ni sifuri kabisa. Kwa vipimo vya pete yetu nimepiga hesabu, inaangukia kama milimita 3 juu ya uso, na haijalishi ni N35 au N52, sehemu ni ileile kwa sababu inatokana na umbo.

Unaweza kuihisi kwa mkono. Gundisha kisumaku kidogo cha mviringo kwenye ncha ya kijiti cha mbao, kishushe taratibu juu ya katikati ya pete kikiwa upande wa kuvutwa. Mwanzo unahisi kinavutwa kwa upole. Kikifika kama milimita 7 mvuto unaisha, ukiendelea kushuka kinaanza kusukumwa juu, na mkono ukitikisika kidogo kinakimbilia pembeni, kinang'ang'ania ukingo wa pete, au kinapinduka kabisa na kuingia tunduni kichwa chini. Mtu anayejenga kifaa chenye sensa afu akaweka sensa katikati ya tundu akitegemea kusoma nguvu kubwa, hapa ndo anapokwama wiki nzima akidhani sensa mbovu.

Zile namba za N je? Namba baada ya N ni kipimo cha nishati ya juu kabisa ambayo aina hiyo inaweza kubeba, N42 ni 42 na N52 ni 52, kwa kizio cha megagausi-ersted. Feraiti iko kwenye 4 hivi, kwa hiyo unaona umbali uliopo. Lakini kutoka N42 kwenda N52 usitegemee miujiza, usumaku wenyewe unatoka kama tesla 1.3 kwenda 1.45, na kwa kuwa mvuto unafuata mraba wa namba hiyo unapata nyongeza ya robo hivi ukigusanisha na chuma. Ni nzuri, ila mara nyingi pete ya N42 iliyo kubwa kidogo inafanya kazi ileile kwa pesa kidogo na inavumilia joto vizuri zaidi. Na ukiona muuzaji ameandika gausi 13,000 jua hiyo ni ya ndani ya mata yenyewe, sio ya juu ya uso. Ukiweka kipimo juu ya uso wa pete ya kawaida unasoma gausi elfu chache tu, na hakuna aliyekudanganya kama ulijua anachokipima.

Kilo nazo hivyohivyo. Kilo zinazoandikwa, yaani mvuto wa kuing'oa sumaku, zinapimwa kwa bamba nene la chuma, laini, halina rangi, na sumaku inavutwa wima moja kwa moja. Ukitoka hapo kila kitu kinapungua. Rangi au karatasi au kutu ya nusu milimita tu unaihisi mkononi. Bati jembamba halifai kwa sababu chuma kina kikomo cha kumeza usumaku, kikishiba kinachobaki kinapita hewani bila faida, kwa hiyo kubandika sumaku ya kilo nyingi kwenye bati la milimita nusu ni kama kumwaga ndoo nzima kwenye kikombe. Na kikubwa kuliko vyote, kuteleza: ukiibandika ukutani kwenye chuma na kuning'iniza kitu, kinachozuia kisishuke ni msuguano peke yake, na ganda la nikeli ni laini, kwa hiyo sumaku ya kilo 10 inaweza kuanza kuteleza kwenye kilo 2. Ukiweka kipande chembamba cha mpira unapoteza mvuto kidogo kwa sababu ya pengo lakini unapata msuguano, na kwa kuning'iniza mara nyingi unashinda.

Kinyume chake, ukiipa chuma njia nzuri inafanya maajabu. Angalia spika. Kuna pete ya sumaku, bamba la chuma chini, bamba la chuma lenye tundu juu, na nguzo ya chuma inayopita katikati ya tundu. Usumaku mwingi wa pete unaongozwa na chuma mpaka kwenye mwanya mwembamba wa duara kati ya nguzo na bamba la juu, na koili inakaa humo humo kwenye mwanya. Bila tundu hiyo nguzo ingepita wapi? Spika nyingi kubwa zinatumia pete nene ya feraiti kwa sababu ya bei, ikitakiwa nyepesi ndo neodimiamu inaingia.

Matumizi mengine mengi yanatokana na jambo hilohilo, kwamba kitu kinaweza kupita katikati. Skrubu inapita, kwa hiyo pete inafungwa kwenye mlango wa kabati bila gundi. Mhimili wa mota unapita, unaweka pete iliyosumakishwa kwa kipenyo na sensa ya Hall (kidude kinachohisi usumaku) pembeni, nguvu ya sumaku inazunguka pamoja na mhimili na sensa inajua umegeuka nyuzi ngapi bila kugusa chochote. Bomba linapita: kwenye matangi kuna boya lenye sumaku ya pete ndani, linapanda na kushuka kwenye bomba lililosimama, na ndani ya bomba kuna swichi ya vibati viwili kwenye kichupa cha kioo, pete ikifika usawa wake vibati vinagusana na pampu inazimwa. Hata pampu zenyewe, zile za kemikali kali, zina pete moja nje na nyingine ndani zimetenganishwa na ukuta mzima usio na tundu lolote, ya nje ikizungushwa na mota ya ndani inafuata, hakuna sili ya kuvuja, na mzigo ukizidi pete zinaruka hatua badala ya kitu kuvunjika. Ukiangalia simu, lile duara la iPhone 12 la mwaka 2020 na zilizofuata sio pete moja, ni vipande vidogo vingi vimepangwa duara.

Adui wa kwanza ni joto. Ya kawaida isiyo na herufi baada ya namba mwisho wake ni nyuzi 80, M ni 100, H ni 120, SH 150, UH 180, EH 200. Chini ya mwisho huo inapoteza kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi na ikipoa inarudisha. Ikivuka, kinachopotea hakirudi mpaka isumakishwe upya. Afu pete nyembamba na pana inachoka mapema kuliko nene, kwa sababu umbo lake linaifanya ijipinge yenyewe, hivyo ile 80 usiichukulie kama ahadi. Ili kupata hizo herufi za juu wanaongeza disprosiamu au terbiamu, ambazo ni ghali na nyingi zinatoka China. China ilipoweka masharti ya kuuza nje metali saba za kundi linaloitwa metali adimu, ambalo neodimiamu nayo imo, mwezi Aprili 2025, hizo mbili zilikuwemo, na viwanda vya magari vikashtuka maana mota za magari ya umeme zinaishi kwenye joto. Neodimiamu yenyewe haikuwa kwenye ile orodha, na wala sio adimu kama kundi lake linavyoitwa, kwenye gamba la dunia iko nyingi kuliko risasi. Tatizo ni kuitenganisha na ndugu zake.

Adui wa pili ni maji. Theluthi mbili ni chuma, kwa hiyo inakula kutu, na inakula vibaya, inamomonyoka mpaka inakuwa unga wa kijivu. Ganda la nikeli, shaba, nikeli ni la mikroni 10 mpaka 20 tu, likipata ufa mmoja ukingoni mwa tundu kazi imeanza. Nimewahi kuacha pete mbili mezani zikiwa na nafasi ya kiganja kati yao, zikarukiana, mlio mmoja mkali, kipande kikaruka kikapita karibu na jicho langu. Tangu siku ile sizishiki bila miwani, na ile pete yenye ufa ndani ya miezi michache ilikuwa imevimba na ganda linabanduka. Kwenye unyevu chukua ya epoksi au iliyofunikwa plastiki kabisa. Na usijaribu kuipanua tundu kwa drili, inapasuka, unga wake unawaka, na joto la drili linaua usumaku.

Kuhusu watoto nitasema bila kuzunguka. Mtoto akimeza sumaku mbili kwa nyakati tofauti zinatafutana kupitia kuta za utumbo, zinaubana katikati, utumbo unatoboka. Dalili za mwanzo zinafanana na tumbo la kawaida tu. Ukishuku amemeza, hospitali siku hiyohiyo, na waambie waziwazi kwamba ni sumaku. Mwenye kifaa cha moyo mwilini naye akae mbali, hata kwa simu na saa zenye sumaku FDA ya Marekani (mamlaka ya chakula, dawa na vifaa tiba) inashauri angalau sentimita 15, na pete kubwa inataka nafasi zaidi ya hapo.

Kuzitenganisha usivute, telezesha ya juu pembeni mpaka itoke ukingoni, ukiweza tumia ukingo wa meza ya mbao, ya chini imebaki juu ya meza na ya juu unaishusha chini. Zihifadhi na kipande cha mbao au plastiki katikati. Na siku unaagiza usiandike N52 peke yake ukanyamaza, andika kipenyo cha nje, cha tundu, kimo, kwa mpangilio huo, afu gredi na herufi yake ya joto, ganda, na upande iliosumakishwa, mhimili au kipenyo, maana hicho cha mwisho ndo kinachosahaulika na huwezi kukirekebisha mzigo ukishafika.